Tangi la Kiingereza, Fremu ya Kijapani

Jumatatu, 11 Machi 1991

Msasa tangu asubuhi. Ncha za vidole zimelika hata hazina alama. Karisa asema sasa naweza kwenda kuiba bila wasiwasi.

Pikipiki mbili za Feisal ziko uani, zote tumezivua mpaka fremu. Moja ya Kiingereza, kongwe kuliko mimi. Injini yake imechoka lakini tangi zuri, la mviringo, lina tumbo kila upande. Ya pili ya Kijapani. Injini nzima, tangi la pembepembe, baya. Feisal ni dereva wa malori ya kontena kule Kipevu na ana mapenzi na vitu vya zamani. Ataka tubadilishe. Tangi la Kiingereza likae juu ya ile ya Kijapani, apate chombo ambacho hakuna mwingine anacho Mombasa nzima. Lile la pembepembe liende kwenye ile ya Kiingereza, atampa mdogo wake.

Ataka kabla ya Idi. Tumeshafanya ngumu kuliko hii, mimi na Karisa, tangu tulipofungua kibanda hiki cha Kisauni. Yeye chuma na nyundo, mimi gesi ya kuchomelea na rangi.

Jumatano, 13 Machi

Upande mmoja umekwisha. Tangi la Kijapani limekaa kwenye fremu ya Kiingereza bila ubishi. Vipande viwili vya mpira wa tairi na ukanda wa chuma, basi.

Upande wa pili balaa. Chini ya kila tangi pana bonde, ndipo unapolala uti wa fremu. Bonde la tangi la Kiingereza ni jembamba, uti wa Mjapani ni mnene. Haliingii. Mimi nasema tulikate bonde, tulipanue, tulichomelee upya. Karisa hataki. Yeye asema tangi lisiguswe, atapunguza vishikizo vya fremu kwa tupa na kuliinua juu ya mipira. Nimemwambia litakaa kama kofia ya kuazima. Akasema afadhali kofia ya kuazima kuliko kichwa kilichopasuliwa.

Nimekasirika kuliko ilivyostahili. Joto nalo. Upepo umekufa kabisa.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nimeharibu.

Feisal alipita mchana kuangalia kazi. Karisa akaanza kumweleza habari ya vishikizo na mipira, kama kwamba tumeshakubaliana. Feisal akawa anaitikia. Nikaona napitwa katika kibanda changu mwenyewe. Nikasema, wala sikusema polepole: "Wewe Karisa kazi yako ni kunyonya mpira. Mambo ya tangi niachie mimi."

Kunyonya mpira ndiyo kazi ya mwisho kwa uchafu hapa kwetu. Unatia mpira ndani ya tangi, unavuta petroli kwa mdomo mpaka ianze kushuka yenyewe. Ukichelewa kutoa mdomo umekunywa. Karisa ndiye huifanya.

Aliitundika nyundo ukutani. Alifuta mikono, akavaa shati, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akaondoka. Feisal alikuwa ameinama anatazama gurudumu. Mimi nikaendelea na msasa kana kwamba hapakutokea kitu.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Najua. Nimeijua tangu chuoni.

Ijumaa, 15 Machi

Karisa hakuja.

Jumamosi, 16 Machi

Hakuja. Nyundo zake zipo ukutani. Fundi haachi nyundo zake, kwa hiyo atarudi.

Mishi ameniuliza mbona Karisa haonekani. Nimemwambia ana homa. Mke wangu huyu ukimwambia uongo habishi, hukutazama tu mpaka chai ipoe.

Maji ya bomba yamekatika tena mtaa mzima.

Jumapili, 17 Machi

Mwezi umeandama. Kesho saumu.

Kila mwaka, jioni ya mwezi, Karisa huja nyumbani kuniaga. Asema tutaonana Idi, maana mtu mwenye njaa si mtu wa kuzungumza naye. Kisha hunywa chai yangu ya mwisho mbele yangu, vikombe viwili, na kesho yake asubuhi yuko kazini kama kawaida. Leo nilikaa kibarazani mpaka Isha. Nilijidai napunga upepo ambao haupo.

Jumatatu, 18 Machi

Saumu ya kwanza. Kichwa chaniuma kwa kukosa chai.

Kadzo, mke wa Karisa, alipita asubuhi. Alinisalimu vizuri, akauliza Mama Rukia hajambo, watoto hawajambo. Kisha akasema ametumwa nyundo. Nikaziteremsha mwenyewe, moja moja. Akaniambia Karisa amepata kazi katika karakana ya hoteli moja Bamburi, kazi ya mshahara, ataanza Jumanne ya wiki ijayo. Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa habari za msiba kwa mgonjwa.

Baada ya hapo nikataka kufanya kazi nisifikiri. Nikaenda kulimwaga tangi la Kiingereza. Koki imeshika kutu, haifunguki. Nikalipindua. Petroli ikamwagika kiasi, iliyobaki imetuama katika yale matumbo mawili, mdomo wa tangi umeingia ndani, hautoi yote. Nikachukua mpira. Nikautia. Nikaupeleka mdomoni.

Nikakumbuka nimefunga.

Nilisimama pale na mpira mkononi kama mpumbavu. Ndipo ikanijia hasa ilivyoanza. Mwaka ule wa kwanza, Ramadhani kama hii, Karisa alinikuta nataka kuvuta petroli mchana wa saumu. Akaninyang'anya mpira. Akasema yeye ni Mkristo, mdomo wake haujafungwa, nimwachie. Basi akavuta mwezi mzima. Idi ilipopita hakunirudishia na mimi sikudai. Kazi ile aliichukua kwa ajili ya saumu yangu, na hiyo ndiyo niliyomtukania.

Nimejisikia vibaya sana. Sijui kuandika zaidi ya hapo.

Jumanne, 19 Machi

Nimemwomba muuza mkaa wa jirani anivutie. Naye amefunga. Fundi viatu amefunga. Nimemuuliza mwalimu msikitini kama kuvuta tu bila kumeza kunafungua saumu. Akaniambia mtu mwenye akili hatii petroli kinywani hata akiwa anakula mchana.

Usiku haiwezekani. Tangu jana pale mbele ya kibanda wanapika mishikaki baada ya futari, makaa yamewaka hadi tarawehe kwisha. Petroli na makaa! Ningeweza kuamka mapema kabla ya daku nikaja kuvuta. Sikuamka. Uvivu.

Nimeliweka tangi juani, mdomo wazi. Jua hili la Machi lakausha hata samaki, litakausha petroli.

Jumatano, 20 Machi

Niko hai. Alhamdulillahi. Mkono umefungwa kitambaa, mwandiko utakuwa mbaya.

Mchana nililitikisa tangi. Kimya, halina kitu. Nikaligonga, likalia kavu. Kanuni yetu tangi halipelekewi moto mpaka lijazwe maji, libakie wazi pale tu panapochomelewa. Karisa ndiye hujaza. Lakini maji leo ni ya mkokoteni, na Mishi ana madumu mawili tu ya kupikia futari. Nikasema tangi lenyewe limekauka, ya nini kupoteza maji ya watu. Nikawasha gesi nilikate bonde.

Sikusikia mlio mkubwa. Nilisikia buu, kama mtu aliyebwaga gunia. Tangi likaruka, likagonga bati la paa, likaangukia uani. Mimi nilijikuta nimekaa chini, nyusi sina, ndevu nusu. Petroli ilikauka, mvuke ulibaki ndani, na mvuke ndio unaoua. Hilo hata mwanagenzi analijua, na mimi mwenyewe nimeshawafundisha watu.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kama saumu imefunguka.

Majirani walinimwagia maji mengi, yale yale niliyoyaonea choyo. Mkono umebabuka kidogo, uso umekuwa mwekundu, basi. Ila habari haikungoja ukweli. Ilipofika darajani nilikuwa nimeungua. Ilipofika soko la Kongowea nilikuwa nimekufa, na kuna aliyesema ameiona maiti. Karisa alikuwa sokoni. Alikuja mbio, kiatu kimoja hana. Alinikuta nimekaa kigodani na taulo kichwani.

Alisimama mlangoni akahema. Kisha akakaa chini mchangani akalia. Karisa, mtu mzima, analia mbele ya muuza mkaa. Alipomaliza akanitukana kwa Kigiriama. Matusi yote niliyaelewa maana yeye ndiye aliyenifundisha.

Akaliokota tangi. Limefura, mshono wa upande mmoja umeachia. Akatia vidole ndani, akavinusa, akaviona vikavu. Akajua halikuwa na maji. Akaliweka chini taratibu, akaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 21 Machi

Baada ya Alasiri nimekwenda kwao Magogoni. Kadzo akaniletea maji ya kunywa katika bilauri, kisha akakumbuka, akacheka, akayarudisha. Karisa akanipa kigoda.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilianza vizuri, nikasema yakhe, juzi nilikosea. Akaniinulia mkono.

"Omari, hapa tuko wawili. Ulinivunjia heshima mbele ya mtu. Kama ni kunitengeneza, nitengeneze mbele ya mtu huyo."

Hakukasirika. Alisema kama anavyosema vipimo. Kisha akaniuliza mkono wauma, akaniambia nipake asali.

Nimerudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Mbele ya Feisal! Nimwambie Feisal tangi lake nimelilipua, halafu hapo hapo nijishushe nimwombe radhi mbia wangu? Hiyo ni siku moja nimevuliwa nguo mara mbili. Nimefuturu bila kujua nilichokula.

Ijumaa, 22 Machi

Hotuba ya leo msikitini ilihusu kuombana radhi. Nilidhani khatibu ameambiwa habari zangu.

Sitaki. Naandika hapa kwa kuwa hapa hapana mtu. Sitaki kujishusha mbele ya mteja. Nimekuwa fundi miaka mingi, jina langu ndilo linaloleta watu. Na Karisa naye asijifanye, anajua ulimi wangu, hii si mara ya kwanza.

Nimesoma niliyoyaandika hapo juu. Aibu.

Baada ya futari nikamweleza Mishi yote, homa ya uongo na tusi na sharti. Alikuwa anaosha bakuli za uji. Hakugeuka.

"Siku ile walipokuja kuniambia umekufa, sikulia," alisema. "Nilitoka kwenda kumtafuta Karisa. Nilijua akija yeye mambo yatakwenda. Baba Rukia, mimi sikumfikiria ndugu yako hata mmoja."

Akaendelea kuosha. Nami nikaenda tarawehe, sikumbuki imamu alisoma sura gani.

Jumamosi, 23 Machi

Nimempelekea Feisal ujumbe aje kibandani Jumatatu. Nimepita Magogoni, Karisa hayupo. Nimemwachia Kadzo maneno kwamba Jumatatu, Feisal atakuwepo. Kadzo akaitikia tu.

Jumanne anaanza Bamburi. Mshahara kila mwisho wa mwezi, sare ya buluu, chakula cha mchana. Ningekuwa yeye ningekwenda. Naogopa. Tangu nimjue sijapata kufikiri kibanda bila yeye, na sasa ndiyo nafikiri kutwa. Kibanda bila Karisa ni banda la rangi tu.

Jumatatu, 25 Machi

Walikuja wote wawili, Feisal kwanza. Karisa akasimama mlangoni, hakuingia.

Nilianza na tangi maana hilo lilikuwa jepesi. Nikamwonyesha Feisal tumbo lililofura na mshono ulioachia. Nikamwambia nilitia moto bila maji, kosa langu, si la Karisa, yeye hata hakuwepo. Feisal akalizunguka. Akanitazama usoni, pale nyusi zilipokuwa. Akasema mali yaja na kwenda, tumshukuru Mungu sikwenda mimi. Ila macho hayakutoka kwenye tangi, alilipenda kweli.

Kisha nikasema kuna jambo la pili. Siku ile alipokuja, nilimwambia Karisa neno baya mbele yake, na leo nataka kumwomba radhi mbele yake.

Feisal akauliza neno gani.

Hakumbuki! Siku zote hizi nimekosa usingizi kwa sababu ya macho ya Feisal, na Feisal alikuwa anatazama gurudumu. Nikamgeukia Karisa aniokoe. Karisa akaegemea mlango, akangoja. Yeye anakumbuka neno na pumzi niliyovuta kabla ya kulisema.

Ikabidi nilirudie. Nikasema: "Nilimwambia kazi yake ni kunyonya mpira." Mara ya pili lilikuwa chungu kuliko mara ya kwanza, maana mara hii nililisikia. Nikaendelea, bila kupanga. Nikasema mpira ule aliuchukua kwa ajili ya saumu yangu. Nikasema mpango wake wa vishikizo ndio uliokuwa sawa. Nikasema tangi lisingelipuka angalikuwepo, na kwamba nisingekuwa na kibanda wala jina. "Nisamehe, Karisa. Na kama waenda Bamburi, nenda na radhi zangu."

Feisal akawa hana pa kuweka macho. Maskini, alikuja kwa habari ya pikipiki.

Karisa akaingia. Akaliinua tangi, akapitisha dole gumba juu ya mshono, mwanzo hadi mwisho.

"Hili litarudi," alimwambia Feisal. "Halitakatwa. Na moto atautia huyu, lakini maji nitatia mimi."

Akavua shati, akalitundika kwenye msumari wake.

Nilitoka nje kidogo. Nilijidai natafuta spana.

Jumanne, 26 Machi

Karisa amekwenda Bamburi asubuhi kuwaambia haji. Amerudi kabla ya Adhuhuri na nyundo zake zote katika kikapu. Asema walimwuliza sababu, akawaambia ana mgonjwa.

Nimelala mchana, usingizi mzito, sijapata kulala hivi tangu Ramadhani ianze.

Alhamisi, 28 Machi

Gunia la mchanga, nyundo ya mbao. Karisa anaupiga uvimbe kidogo kidogo, anageuza, anapapasa, anapiga. Hana haraka. Upande wa kushoto umerudi karibu wote. Wa kulia utabaki na tumbo kidogo, watakaolijua ni mimi na yeye.

Kesho Ijumaa Kuu, kisha Pasaka, haji mpaka Jumanne. Nimemwambia amsalimie Kadzo. Zamani sikuwa na desturi ya kumwambia hivyo.

Jumatano, 3 Aprili

Mshono umeshika. Nimeagiza mkokoteni mzima wa maji, madumu kumi. Muuza mkaa akauliza kama tunafungua hamamu. Karisa akalijaza tangi mpaka likatoka mdomoni, akalilaza, ndipo akaniitikia kwa kichwa nilete moto. Niliyagusa maji kwa kidole kwanza. Ndipo nikawasha. Tumelining'iniza na maji yake kutwa nzima, hata tone halikudondoka.

Vishikizo amevipunguza kwa tupa, mipira ameikata mwenyewe. Limekaa juu kidogo. Nililitazama kwa mbele, kwa upande, kwa nyuma. Karisa akaniuliza limekaaje. Nikamwambia zuri. Akaniuliza kweli au kwa sababu ya Ramadhani. Tukacheka mpaka mbavu zikauma, na mimi nina njaa.

Bado rangi. Hiyo yangu.

Alhamisi, 11 Aprili

Feisal amezichukua zote mbili, ile ya mdogo wake juu ya mkokoteni. Mvua za kwanza zimenyesha asubuhi, barabara tope tupu, lakini hakutaka kungoja. Alikaa juu ya ile yenye tangi la mviringo, akaipiga teke mara mbili, ikashika. Akaondoka polepole kuelekea darajani. Nilisimama nikisikiliza mpaka mlio ukapotea, nikingoja kitu kibaya. Hakikuja.

Karisa alikuwa ameshaanza kufungua nyingine.

Alhamisi, 18 Aprili

Idi Pili. Nyusi zimeota, fupi fupi, mwanangu Rukia azipapasa acheka.

Karisa na Kadzo wamekuja mchana. Wamekuja na kuku wawili na nazi, Mishi akagombana nao kidogo kwa desturi, kisha akavipokea. Tumekula pilau. Wanawake wameingia ndani. Hatukuzungumza kazi. Hatukuzungumza mengi kwa jumla.

Mvua ikaanza. Karisa alisema anapumzisha mgongo tu, akajinyoosha kwenye mkeka wa kibarazani. Mara akaanza kukoroma. Mishi akatoka na chai, akataka kumwamsha isipoe. Nikamzuia.

Nimekaa karibu yake naandika. Mvua haijaacha na yeye hajaamka.